Maliza ripoti yako bila kununua ya mtu: maelekezo ya mwenye steshenari

Tangu 2009 nina steshenari karibu na geti la chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nilianza na kompyuta moja ya mezani, printa iliyokuwa ikitafuna karatasi, na stuli mbili. Kuchapa ukurasa ilikuwa shilingi 500. Leo kompyuta ni nne, mashine ya fotokopi ni ya mtumba lakini inajitahidi, na wanafunzi wananiita Anti, hata wale wa jioni ambao wengine ni wakubwa kwangu.

Katika miaka hiyo kuna tisa ambayo nilikuwa nauza ripoti za utafiti za wanafunzi. Sisemi kuchapa, nasema kuuza. Ilianza kwa urahisi tu: mtu anachapiwa kazi, anaondoka, faili inabaki kwenye kompyuta. Mwaka uliofuata akaja mwingine: "Anti, huna ripoti ya zamani niangalie mfano?" Mfano nikamuuzia 10,000. Baadaye mfano ukawa ripoti nzima iliyobadilishwa jina, 50,000. Aliyetaka na takwimu mpya za sura ya nne, ile ya matokeo, alilipa 150,000. Niliacha 2019 na sababu nitaieleza huko mbele. Kwa hiyo haya ninayoandika si ya mtu aliyesoma kuhusu wizi wa kazi za chuo. Ni ya mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta.

Watu wakiongelea wanafunzi wanaonunua kazi husema ni wavivu. Wavivu nimewaona, ila si wengi. Waliokuja kwangu wengi walikuwa hawajalala. Ukitaka kuelewa kwa nini, nitakupeleka kwa wanafunzi wa uhasibu, ambao nimewachapia mno. Karibu kila ripoti yao ina pembetatu ileile ya ulaghai, inayotokana na kazi ya Mmarekani Donald Cressey ya mwaka 1953. Huyo aliongea na wafungwa waliokuwa wamekabidhiwa hela za watu wakazila, akaona mambo matatu yanakutana: shida ambayo mtu anaona hawezi kumwambia yeyote, upenyo, na maneno ya kujihalalishia. Nimeichora pembetatu hiyo kwenye Word mpaka naweza kuichora nimefumba macho. Siku moja namchorea kijana aliyekuwa ananunua ripoti kuhusu ulaghai wa wahasibu, nikanyanyua macho nikamwangalia. Upenyo ni mimi. Maneno anayo ("Anti, darasani kila mtu anafanya"). Na shida asiyoweza kumwambia mtu ilikuwa hii: alikuwa hajaelewa maana ya neno moja kwenye kichwa cha utafiti wake tangu Novemba, na sasa ni Juni.

Upenyo hutauziba wewe, na maneno ya kujitetea hayakosekani. Unachoweza kukigusa ni ile shida isiyosemeka. Isemwe mapema, wakati bado ni ndogo. Haya yote chini ni namna ya kuisema.

Siku ya kwanza, si ya mwisho

Ukipewa swali au ukipitishiwa kichwa cha utafiti, siku hiyohiyo kaa na karatasi, uliandike upya kwa maneno ambayo ungemwambia mdogo wako wa darasa la saba. Ukikwama kwenye neno, hilo ndilo neno la kumpelekea mwalimu. Usiseme "sijaelewa swali", maana atakujibu "kalisome tena". Sema: "Shikamoo Dokta. Hapa pameandikwa 'ufanisi'. Niupime kwa faida waliyoipata, au kwa mikopo waliyorejesha?" Swali la namna hiyo hata mwalimu mwenye haraka anajibu amesimama kwenye korido.

Nimeona wanafunzi wakizunguka miezi mitatu kukwepa korido hiyo. Mtu supavaiza wake, yaani mwalimu anayemsimamia utafiti, alimkemea mara moja mbele ya wenzake, basi, akaapa harudi tena. Kama supavaiza wako ni mkali, mwandikie ujumbe, au nendeni wawili. Ila uende. Kila wiki usiyokwenda inaongeza aibu ya kwenda, na aibu hiyo ikikomaa ilikuwa inakuja kwangu na 50,000.

Andika kwa Kiswahili kwanza

Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu walimu hawalisemi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza, na hapo ndipo anapojifunza kukariri. Ananakili ubaoni, anakariri daftari, anamwaga kwenye mtihani, anafaulu. Amefika chuo akiwa na akili nzuri kabisa na mawazo yake mwenyewe, lakini sentensi za Kiingereza alizonazo zote ni za watu wengine. Mwambie aandike kurasa kumi "kwa maneno yako". Maneno yapi?

Ndiyo maana anakopi. Anaogopa sentensi yake ikisimama karibu na ya kitabu itaonekana imevaa ndala harusini.

Fanya hivi. Chukua simu, jirekodi voisi ya dakika tatu kama unamtumia rafiki WhatsApp, ueleze unachotaka kusema kwenye sehemu hiyo. Kiswahili chako cha kawaida, na "yaani" zake zote. Isikilize, iandike. Hapo una aya ambayo ni yako na hakuna wa kukunyang'anya. Ndipo uigeuze Kiingereza, sentensi moja moja, fupi. Sentensi ya maneno kumi na mbili haina aibu. Hizi ndefu za mistari mitano mnazozipenda, nyingi nimezichapa nikiwa sielewi, na nikimuuliza mwenye kazi naye hajui.

Kuna dada mmoja wa ustawi wa jamii alifanya hivyo pale pale dukani, amekaa pembeni ya fotokopi akiongea na simu yake kama anagombana na mume. Wenzake walimcheka. Alimaliza sura ya pili kwa siku nne.

Piga hesabu ya madodoso kabla hujakubali idadi

Hapa ndipo wizi mwingi wa mwaka wa tatu unapozaliwa, na sababu yake ni nauli.

Ukichapa ripoti za vyuo vya Tanzania kwa muda, utawazoea waandishi wawili wa vitabu: Kothari wa 2004 kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, na Yamane wa 1967 kwenye idadi ya wahojiwa. Kanuni ya Yamane ni nyepesi. Chukua idadi ya watu wote unaowachunguza, gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha makosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Sasa mwanafunzi anaandika kwamba kata yake ina wafanyabiashara 400, anaweka kiwango cha makosa 0.05 kwa sababu ripoti aliyoiangalizia iliweka 0.05. Juu 400, chini 1 jumlisha 400 mara 0.0025, yaani 2. Jibu: wahojiwa 200.

Mia mbili! Dodoso lake, ile fomu ya maswali, lina kurasa tatu. Kopi ni shilingi 100 kwa ukurasa. Hizo ni 60,000 kwa karatasi peke yake, hujaweka daladala, hujaweka maji, hujaweka siku ambazo mama lishe anakwambia "njoo kesho baba, leo nina wateja". Bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, limeshalipa kodi ya chumba. Anafika kwangu anatoa kopi 30, na nyingine 170 anajua moyoni kwamba zitajazwa na yeye.

Nimewaona wakizijaza. Vijana wanne, usiku, wamezunguka meza yangu na biki za bluu, nyeusi na moja nyekundu, wanabadilishana mwandiko: mmoja analaza herufi kulia, mwingine anaandika kwa mkono wa kushoto ili aonekane mzee. Wanaita kupika data. Wanacheka, wanabuni umri, "huyu mwekee miaka 47, mjane". Kuna kitu kimoja hawakukijua, na mimi nilikijua kwa sababu nimewaingizia takwimu pia waliotoka mtaani kweli. Dodoso la kweli lina mapengo. Mtu karuka swali la kipato. Mwingine kaweka tiki mbili pasipotakiwa. Mwingine kaandika pembeni "hiyo mikopo mnapeana wenyewe kwa wenyewe". Lina doa la mafuta ya taa. Madodoso yaliyopikwa ni masafi, yote yamejibiwa, na majibu yote yanakubaliana na alichokiandika mwenye utafiti sura ya kwanza.

Dawa yake iko kwenye kanuni ileile. Badala ya 0.05 weka 0.10. Juu 400, chini 1 jumlisha 400 mara 0.01, yaani 5. Wahojiwa 80. Kopi 24,000. Andika wazi kwenye sura ya tatu kwamba umechukua asilimia 10 kwa sababu ya muda na fedha, mweleze supavaiza kabla ya kwenda uwanjani, uwe tayari kulitetea. Wapo watakaokukatalia. Wakikataa, uliza kama unaweza kuwahoji watu 15 kwa kina badala ya kugawa madodoso. Na kama ulipanga 80 ukapata 61, andika 61 na useme 19 hawakurudisha. Hiyo ni sentensi moja tu, na ni ya kweli. Sijawahi kusikia mtu aliyefelishwa kwa sentensi hiyo.

Kabla ya yote, jaribu madodoso matano mtaani kwako. Swali wasilolielewa watano hao, hata themanini hawatalielewa.

Kusema cha mtu kwa mdomo wako

Wengi wanadhani ukibadilisha maneno umeshaepuka wizi. Ngoja nikuonyeshe kwa mfano wa kutunga, kwenye mada ambayo nimeichapa mpaka nimeichoka: ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Tuseme kitabu kinasema: "Vikundi vingi vya wanawake hushindwa kurejesha mikopo kwa sababu fedha hutolewa kabla wanachama hawajapata mafunzo ya biashara."

Mwanafunzi anaandika: "Makundi mengi ya akina mama hukosa kulipa mikopo kwa kuwa pesa hutolewa kabla wanakikundi hawajafundishwa biashara."

Kila neno kalivalisha shati jingine, lakini anayetembea ni yuleyule. Programu za kukagua kama Turnitin huenda zikaikosa au zikaidaka, ila supavaiza aliyekisoma kitabu hicho haikosi. Na hata angeikosa, wewe hujasema kitu.

Njia iliyo safi: soma, funga kitabu, hesabu mpaka ishirini, mwambie mtu aliye karibu alichosema mwandishi. Ukishasema, andika ulivyosema, weka jina la mwandishi na mwaka, halafu ongeza ulichokiona wewe. Kwa mfano: "Mwandishi huyu analaumu mpangilio: hela inatangulia, mafunzo yanafuata. Katika vikundi viwili nilivyovitembelea Mbagala ilikuwa kinyume. Mafunzo yalifanyika siku 3, hela ikachelewa miezi 5, na mwanachama aliyefundishwa kufuga kuku akaitumia kulipia ada ya mtoto." Hapo mtu anajua ulifika Mbagala.

Na jina la mwandishi, ukurasa na mwaka viandike wakati unasoma, kwenye daftari, siku hiyohiyo. Nusu ya wanaoonekana wezi hawakukusudia. Wana faili la kurasa arobaini walizobandika kutoka kila mahali, na baada ya wiki tatu hawajui tena ipi yao ipi ya mtu.

Faili la mtu huwa na harufu

Mwaka 2019 niliuza ripoti iliyofanyiwa Arusha. Mnunuzi alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mpole, aliyeuguliwa na baba tangu Januari akawa anashinda hospitali. Eneo lake la utafiti lilikuwa Temeke. Nikafanya nilivyozoea: nikaiamuru Word itafute kila "Arusha" iweke "Temeke". Sekunde mbili. Nikabadilisha jina, namba ya usajili na tarehe, nikabaindi kwa kava gumu jeusi, herufi za dhahabu. Ilipendeza.

Kwenye sura ya tatu, maelezo ya eneo la utafiti, palisomeka kwamba Temeke iko chini ya Mlima Meru, ina hali ya hewa ya baridi, na wakazi wake wanalima kahawa na maua.

Tena nikiwa sijui, wiki hiyohiyo ripoti ileile nilishamuuzia mwenzake wa darasa moja. Supavaiza mmoja. Huyo wa pili naye alikuwa Temeke chini ya Mlima Meru.

Yule binti alirudi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye stuli akasema anaomba nimchapie barua ya rufaa. Akaanza kunitamkia, mistari mitatu, akashindwa kuendelea. Nikaimalizia mimi. Nikatunga sababu, nikatunga majuto, nikatunga ahadi, yeye akasaini. Hata barua ya kuomba radhi kwa kazi aliyoandikiwa, nimemwandikia mimi. Sikumtoza. Jioni nilifuta folda nzima, ripoti mia tatu na kitu.

Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia flashi, jua nini kimo ndani. Mimi nilikuwa muuzaji mwangalifu na bado Mlima Meru ulinipita. Kwenye taarifa za faili jina la aliyeianzisha mara nyingi linabaki. Majedwali yana jumla zisizolingana na maelezo. Na siku ya kuitetea utaulizwa kitu kidogo tu, "ulianzia mtaa gani?", ukapepesa macho.

Asaimenti ya kundi

Majina kumi kwenye kava, mwandishi mmoja. Siku ya prezentesheni wanavaa suti wote. Ninawajua mpaka kwa namna wanavyolipa: aliyefanya kazi ndiye anayekuja kuprinti, na ndiye anayebaki akiwapigia simu wenzake watume mia mbili mia mbili.

Mnapokutana mara ya kwanza, gawaneni kwa maandishi, nani anafanya kipande gani na lini anakituma kwenye grupu. Kikitumwa grupuni kinabaki na tarehe. Asiyetuma, CR (kiongozi wa darasa) aambiwe kabla ya kukusanya, na mwalimu aambiwe na CR. Mtaitwa wanoko siku mbili. Na wewe ambaye hujafanya kwa sababu hukuelewa, omba kipande kidogo unachokiweza: jedwali, marejeo, kuhakiki. Kuandikwa jina bure ni mkopo, utaulipa kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Lawama nyingine niziweke zinapostahili. Nimechapa swali la asaimenti mwaka 2014, nikalichapa tena 2018 bila kuhamishwa hata koma. Kazi zikirudi, nyingine zina tiki moja kubwa ukurasa wa kwanza na za ndani hazijafunguliwa, steple haijalegea. Mwanafunzi anaona. Akishaona kwamba hasomwi, kuandika mwenyewe anakuona ni ujinga. Mwalimu akisoma haya, abadili swali.

Hizi mashine za kuandika

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, wanunuzi wa ripoti wamepungua hata kwa jirani zangu wanaoendelea kuuza. Sasa mtu anakuja na kazi ambayo mstari wa juu kabisa bado unasema "Bila shaka, hii hapa insha uliyoomba". Nimeuona mstari huo zaidi ya mara moja, nikamwonyesha mwenyewe, akaomba tufute haraka kabla mwenzake hajaona.

Kama chuo chako kinaruhusu, itumie kama rafiki anayejua Kiingereza: mpe aya yako uliyokwisha kuiandika, muulize sarufi iko wapi mbaya. Usimwombe marejeo. Anaweza kutunga kitabu, akatunga mwandishi, akatunga na mwaka, vyote vimepangwa vizuri, na kitabu hakipo duniani. Kila rejeo lifungue kwa mkono wako. Na uliza mwalimu anaruhusu kiasi gani kabla ya kuandika, si baada ya kuitwa.

Kuhusu chumba cha mtihani sina mengi, maana huko siingii. Naletewa tu watu wanaotaka nipunguze kopi mpaka herufi ziwe kama mchanga. Sisi tunaita kibomu. Wakenya wanaita mwakenya, jina la kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980 lililokuwa likisambaza karatasi zake kwa kificho. Ushauri wangu ni ule niliompa kijana wa famasi: kiandike kibomu kwa mkono wako, mada nzima kwenye karatasi ya kiganja, uchague kipi kiingie kipi kibaki, kisha kilaze chini ya godoro hosteli uende mtihanini. Ukishakiandika vizuri unakuwa umeshakisoma. Hivyo vya kopi ndogo, ambavyo mtu hakuviandika mwenyewe, havisaidii hata ukifika navyo. Hajui jibu liko upande gani wa karatasi.

Na kama umeshachelewa

Ni usiku, kesho saa nne ni kukusanya, una kurasa sita kati ya ishirini. Kwanza piga hesabu. Vyuo vingi koswek, yaani alama za kazi za muhula, ni 40 na UE ni 60, na asaimenti moja mara nyingi ni 10 katika hizo 40. Ukikosa zote kumi, bado zimebaki 90. Ukikamatwa na kazi ya mtu, hazibaki. Kwa anayeishi kwa bumu, kudisko, yaani kufukuzwa chuo, ni kurudisha godoro nyumbani.

Halafu tuma ujumbe, sasa hivi, usingoje asubuhi:

"Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu wa usiku. Naitwa (jina), namba ya usajili (namba), mwaka wa tatu. Sura ya nne haijakamilika. Nimepata madodoso 52 kati ya 80. Nimeambatanisha nilichonacho. Naomba hadi Jumatatu saa nne asubuhi. Kama kuna alama zinazokatwa kwa kuchelewa, nimekubali."

Usimuue bibi. Bibi zenu wamekufa mara nyingi sana kwenye barua nilizochapa. Eleza ulipofikia na siku unayoomba, na ambatanisha kazi, maana kazi nusu iliyoambatanishwa inaaminika kuliko hadithi kamili. Wengine watakujibu, wengine hawatakujibu, na wasipojibu kusanya kurasa zako sita.

Ukimaliza, njoo uprinti, ila njoo asubuhi. Siku za mwisho foleni inafika mpaka kwa muuza chipsi na umeme una tabia ya kukatika saa tisa. Leta PDF, usilete Word peke yake, kwa sababu kompyuta yangu ina fonti zake na majedwali yako yatahama kurasa. Toa kopi moja kwanza, kaa kwenye stuli, ipekue yote kwa kidole, hasa namba za kurasa baada ya yaliyomo. Kubaindi kava gumu ni siku mbili. Herufi za dhahabu zikishapigwa hazifutiki, kwa hiyo jina lako niandikie wewe mwenyewe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.